Nilichofuta Kwenye Simu ya Shangazi

Aprili 2020, hapa Likoni, Mombasa, nilifuta ushahidi wa wizi. Mwizi sikuwa mimi, lakini mkono wangu ulikuwemo, na nilifuta ili nisijulikane.

Mwezi huo, corona ikiwa imeingia, pesa za serikali zilikuwa gumzo la kila nyumba. Machi 25 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza shilingi bilioni 10 zaidi kwa wazee, mayatima na wasiojiweza. Kafyu ilianza Machi 27, na Aprili 8 Mombasa ikafungwa. Kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure tangu katikati ya Machi, ili watu wapunguze kushikana noti. Kwa hivyo shangazi yangu, muuza mahamri ambaye wateja wake wanaowahi feri alfajiri walikuwa wamepungua, alipopata ujumbe kwamba ameteuliwa kupokea pesa za corona na kwamba afisa atampigia, hakuona cha kumshtua. Aliniuliza mimi niliyesoma: "Mwanangu, haya ni ya kweli?" Nikamwambia ni ya kweli, nimesikia redioni.

Simu ikaja. Aliyepiga alimtaja kwa majina yake yote, akampa pole ya maisha magumu, akaomba namba ya kitambulisho. Kadi yenyewe imechakaa, plastiki imebanduka, tarakimu za mwisho zimefifia. Niliipeleka kwenye mwanga wa mlango nikamsomea mtu yule, tarakimu moja moja. Akataka mwaka wa kuzaliwa, kisha namba ya siri. Shangazi aliniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa.

Haukupita muda, mtandao ukapotea. Kumbe laini yake imehamishiwa kadi nyingine, mikononi mwa watu wengine. Tulipoirudisha, shilingi 14,200 zilikuwa zimekwenda, na juu yake mkopo wa simu umechukuliwa kwa jina lake.

Kutapeliwa kunaweza kumpata yeyote. Kosa langu ni lililofuata. Nilimwomba simu nikisema naangalia salio, nikafuta ujumbe ule na namba zote zilizopiga. Nilijua wanawe wangeuliza nani alisoma kitambulisho. Nikamshauri tunyamaze, eti polisi wako mbioni na kafyu, nani atashughulika na pesa za mahamri. Alinisikiliza kwa sababu ananiamini.

Siku si nyingi jirani wa mlango wa pili akaibiwa vile vile. Yeye hakunyamaza, alikwenda kituoni, na shangazi akasema naye anakwenda. Nikawasindikiza. Afisa aliandika taarifa ya jirani kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, akanakili ujumbe neno kwa neno, namba iliyopiga, saa ambayo pesa zilitoka. Nilikuwa nimesimama nyuma, nikiusoma begani mwake. Ulikuwa ule ule, hata neno "msaada" limeandikwa "musada" kama nilivyoliona kwenye simu ya shangazi.

Afisa akageuka: "Na wako, mama?" Shangazi akafungua simu, akapandisha, akashusha. "Ulikuwa hapa," akasema, na akanipa mimi nimtafutie. Nikaishika. Wote watatu wakaningoja.

Nikasema nimeufuta.

Afisa hakunifokea. Sheria ya kutusaidia ilikuwepo: Mahakama Kuu ilikuwa imeamua mnamo Februari 20 mwaka huo kwamba sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ni halali, baada ya vifungu vyake 26 kusimamishwa kwa karibu miaka miwili. Sheria hiyo inampa polisi uwezo wa kutaka data zihifadhiwe haraka kabla hazijapotea. Lakini sharti ajue ni namba ipi, saa ngapi. Sisi hatukuwa na namba wala saa, na tulikuwa tumechelewa.

Mkopo niliulipa mimi. Akiba ya shangazi nilimrudishia kidogo kidogo. Pesa za jirani hazikupatikana, na hizo ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu neno langu moja kupitia ukuta lingemfikia kabla ya matapeli. Agosti mwaka ule Interpol ilieleza kwamba tangu Januari hadi Aprili mshirika wake mmoja tu alikuwa amegundua viungo hasidi 48,000 vilivyotumia jina la Covid-19. Niliposikia hayo nilijiuliza ni wangapi waliofuta kama mimi.

Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, usiufute. Kama laini yako ni ya Safaricom, utume kwa 333, ni bure, kisha mwambie jirani. Na kama umeshaibiwa, au umemsaidia mwizi bila kujua, nenda kituoni siku hiyo hiyo na simu kama ilivyo. Ukiona aibu, nenda nayo hivyo hivyo.