Kwa Miguu hadi Kipushi

Baada ya Misa ya alfajiri tulitoka Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, hapa Lubumbashi, tukashika njia ya Kipushi, yapata kilometa 30. Kila mfadhili alikuwa ameahidi faranga kadhaa kwa kila kilometa tutakayotembea, ili yatima wa parokia walipiwe karo. Tuliliacha nyuma dohani refu la Gécamines. Mbele yetu vumbi jekundu, miti ya miombo, na vichuguu vinavyompita mtu kimo. Malori, nayo, hayamhurumii mwenda kwa miguu!

Kwenye kilometa ya 22 kijana mmoja aliketi chini, malengelenge yamepasuka. Alitusihi apandishwe baiskeli, lakini daftarini aandikiwe 30, kwa maana mmoja wa yatima hao ni mdogo wake mwenyewe. Kalamu ilikuwa mkononi mwetu, nasi tulisita kitambo. Tukaandika 22.

Jioni tukaingia Kipushi, penye mgodi uliosimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024.

Mfadhili wa kijana, mama muuza mboga, alisoma daftari, akahesabu faranga za kilometa 22 barabara. Majuma mawili baadaye, miguu ilipopona, tulirudi na kijana barabarani kuzitembea zile nane.