Bibi Hakudhaniwa

Leo naungama kosa la neno moja.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilikuwa Magoma kwa bibi, chini ya milima ya Usambara. Nilijiona msomi, si mchezo. Jioni moja akaja mnunuzi na karatasi ya Kiingereza kuhusu eka mbili walizofyeka bibi na marehemu babu.

"Mjukuu wangu, hebu nisomee," bibi akasema.

Karatasi ilisema haki yake si "granted" bali ni "deemed". La kwanza nililijua: kupewa, kwa hati ya serikali. La pili nikalitafuta kwenye kamusi, nikakuta kudhani. Nikamwambia, "Bibi, unadhaniwa tu kuwa na haki."

Akanyamaza. "Kumbe miaka yote hii nalima kwa kudhaniwa?"

Mnunuzi akashusha bei papo hapo. Bibi akaweka dole gumba, na eka moja ikaenda kwa bei ya kutupa.

Miaka baadaye, Dar es Salaam, nikamsimulia rafiki anayesoma sheria. Akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, umemponza bibi."

Kumbe kwa wanasheria "deemed" ni kuhesabiwa: sheria yenyewe inasema huyu anayo haki, hata kama hana karatasi. Mwingereza alitunga sheria ya ardhi mwaka 1923, na mwaka 1928 akairekebisha ili itambue pia haki ya mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila yake. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay, ikasema haki hiyo ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikaipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya kupewa. Na mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama. Kwa bibi, jamani, kilikuwa kimechelewa.

Nikarudi Magoma, nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Sasa neno lile kwa Kiswahili ni lipi?"

"Unahesabiwa, bibi."

Akatazama ng'ambo ya mpaka, kwenye mahindi ya mtu mwingine.

"Basi liandike," akasema. "Mwenzangu asije akasomewa kama mimi."

Ndiyo hili, nimeliandika.