Jikoni, Ukumbini na Darasani: Juu ya Ari ya Kazi ya Pamoja

Wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi huniuliza mara kwa mara ni maneno gani mwalimu ayatumie ili wanafunzi wake wapate ari ya kufanya kazi pamoja. Swali ni zuri, ila limekwisha kuchukulia kwamba ari huletwa na maneno. Katika makala haya napenda kuonyesha, kwa mifano ya kazi ya hoteli, kwamba mpango wa kazi yenyewe huwatia watu moyo, au huwavunja moyo, kabla kiongozi hajafungua kinywa. Nimeichagua hoteli kwa sababu mbili. Kwanza, nilihudumu mezani kwa mwaka mmoja na nusu kabla ya kujiunga na ualimu, hivyo ninayoyasema sikuyatoa yote vitabuni. Pili, hoteli haina mahali pa kuuficha uzembe: chai iliyopoa imepoa mbele ya mgeni.

Hoteli hiyo ilikuwa na desturi ya kumtangaza mfanyakazi bora wa mwezi na kuitundika picha yake karibu na mlango tulioingilia. Muda wote niliokuwa pale sikupata kuona picha ya mwosha vyombo. Waliotundikwa walikuwa wapokezi, na mara moja moja mhudumu wa mezani, yaani wale ambao tabasamu lao lilionwa na mgeni. Aliyesugua masufuria nyuma ya ukuta hakuweza kuteuliwa hata angefanya kazi kama mchwa, naye alilijua hilo. Picha iliyokusudiwa kuwatia moyo watu wote ikawa inawakumbusha baadhi yao kila asubuhi kwamba hawahesabiwi.

Wakati huohuo palikuwa na ugomvi usiokwisha kati yetu wahudumu na waosha vyombo. Sahani zilichelewa kurudi ukumbini saa ya kifungua kinywa. Sisi tukawaita wavivu, nao wakatuita mabwana wakubwa. Meneja aliitisha mkutano akatuhimiza tushikamane kama watoto wa nyumba moja. Tulipiga makofi, na kesho yake sahani zikachelewa vilevile.

Baadaye aliletwa msimamizi wa zamu mpya, mama mmoja mpole wa maneno machache. Hakutuhutubia. Alipanga kwamba kila mhudumu afanye zamu moja kamili kwenye sinki, mmoja baada ya mwingine, hata tulipokwisha sote. Pale ndipo tulipoona kinachozichelewesha sahani. Zilifika zimepangwa juu ya mabaki ya chakula, glasi zimechanganywa na uma na visu, na mwosha vyombo hutumia sehemu kubwa ya muda wake kuchambua kabla hajagusa sabuni. Bila kuambiwa na mtu, wahudumu wakaanza kukwangua mabaki na kutenga glasi kabla ya kuvuka mlango wa jikoni. Mama yule akaongeza jambo moja tu: mwosha vyombo mmoja akawa anahudhuria kikao cha asubuhi, na huulizwa, kama mpishi anavyoulizwa, siku hiyo anahitaji nini kutoka kwetu. Sikumbuki ugomvi mwingine juu ya sahani.

Niliposoma baadaye utafiti wa William Foote Whyte, mwanasosholojia wa Marekani aliyechunguza migahawa ya Chicago katika miaka ya 1940, nilimwelewa mama yule vizuri zaidi. Whyte aliona mvutano mkali kati ya wahudumu, ambao wengi walikuwa wanawake, na wapishi wa kiume waliolipwa zaidi na kuheshimiwa zaidi. Mhudumu alipoita oda kwa sauti, mpishi alijiona anaamriwa na mtu wa chini yake, naye hulipiza kwa kuchelewesha chakula. Mahali pengine mvutano huo ulikuwa mdogo, na sababu ilikuwa ndogo kama kidole: msumari mrefu wa kuchomekea karatasi. Mhudumu aliandika oda, akaichomeka, akaenda zake. Mpishi aliichukua mwenyewe, akaona zilizofuata, akapanga kazi yake. Kazi ilikuwa ileile na watu walewale, ila hapakuwa tena na mtu anayemwamuru mwenzake uso kwa uso. Whyte alichapisha matokeo ya kazi hiyo mwaka 1948.

Mwalimu wa shule ya msingi anao msumari wake, ajue asijue. Mchukue kiranja wa kundi, msichana wa miaka kumi, anayetakiwa kukusanya madaftari ya wavulana wawili wanaomzidi umri na kimo. Mwalimu akiona madaftari hayaletwi humwambia msichana awe na sauti, kisha huwaadhibu wavulana kwa ujeuri. Weka kasha mlangoni, na karatasi ambayo kila mtoto atatia alama mbele ya jina lake aingizapo daftari. Msichana atabaki na kazi ya kuhesabu, na heshima ya kila mmoja itabaki mahali pake. Nimewaona wanachuo wakiidharau mbinu hii kwa kuwa ni rahisi mno. Hupenda zaidi nasaha.

Hata hivyo mpango mzuri haufuti njaa. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa kitabu juu ya wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, ambao waliulizwa ni lini walijisikia vizuri sana kazini na ni lini vibaya sana. Walipoeleza siku mbaya walitaja zaidi taratibu za kampuni, usimamizi, mshahara na hali ya mahali pa kazi; walipoeleza siku njema walitaja zaidi kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe na kupewa dhamana. Herzberg akahitimisha kwamba makundi haya mawili hayabadilishani nafasi: kuondoa kero hakuleti ari, na sifa haziondoi kero. Wataalamu wengine wamembishia, hasa kwa kuwa mtu hupenda kujisifia mafanikio na kuwalaumu wengine kwa mabaya. Mimi naona hoja yake ya pili inasimama. Katika hoteli yetu bakshishi za wageni ziliingia katika sanduku moja, zikagawanywa mwisho wa mwezi. Mwezi ambao mgao ulicheleweshwa bila maelezo hapakuwa na pongezi iliyosikika, hata ya mama yule. Vivyo hivyo mtoto aliyekuja shuleni bila kula, au anayeketi sakafuni akiandikia magotini, usitarajie kumwamsha kwa makofi ya pasha. Tafuta kwanza uji na dawati, au walau mkeka na kibao.

Sasa niingie darasani moja kwa moja. Katika mazoezi ya kufundisha nimeketi nyuma ya madarasa mengi ya watoto 70 na zaidi, nikaona makundi ya watoto wanane ambamo mmoja huandika, mmoja humwelekeza, na sita hutazama nzi. Andalio la somo husema “kazi ya vikundi”, lakini hapo hapana kazi ya kikundi. Pana kikundi kinachomtazama mtu akifanya kazi.

Dawa ya ugonjwa huo aliijua mpishi Mfaransa Auguste Escoffier, aliyekwenda London mwaka 1890 pamoja na César Ritz kuiendesha hoteli ya Savoy. Jiko lake aliligawa katika sehemu zinazotegemeana: huyu michuzi, huyu nyama za kuchoma, huyu mboga na mayai. Sahani moja ya mayai na figo la kondoo, iliyomchukua mpishi mmoja kiasi cha robo saa, ilikamilika kwa dakika chache kwa kuwa watu watatu waliitengeneza kwa wakati mmoja. Kila mmoja alingojewa na mwenzake, na kungojewa ni motisha kubwa kuliko kutazamwa. Escoffier alikataza pia matusi jikoni, akawatengenezea wapishi kinywaji cha shayiri ili joto lisiwapeleke kwenye pombe, na yule mtu wa kuita oda, ambaye Wafaransa walimwita mbwekaji, akampa jina la mtangazaji. (Hakuwa malaika: mwaka 1898 yeye na Ritz waliachishwa kazi Savoy kwa tuhuma za fedha.)

Basi ukifundisha mzingo na eneo katika Darasa la Tano, kwa kupima bustani ya shule, kundi liwe la watoto sita, na kila mmoja awe na sehemu ambayo bila hiyo wengine hawaendelei. Wawili washike ncha za futikamba, mmoja asome kipimo, mmoja aandike, mmoja akokotoe, na wa sita arudie hesabu kwa njia nyingine ili kuihakiki. Asiyesoma kipimo huwakwamisha watano, nao watamwita wenyewe kabla hujamwita wewe.

Lakini hapa njia ya mwalimu na njia ya mpishi hutengana, nami nawaomba wanachuo wapaangalie sana mahali hapa. Hoteli inataka chakula kifike mezani. Ikiwa mtu wa michuzi atabaki kwenye michuzi miaka kumi, mgeni hana hasara. Shule haitaki bustani iliyopimwa. Bustani ingeweza kupimwa na mwalimu peke yake kwa muda mfupi. Shule inataka watoto sita wanaojua kupima, na anayeshika ncha ya kamba mwaka mzima atahitimu akijua kushika ncha ya kamba. Nimeona daftari la kundi ambalo mwandiko wake ulikuwa mmoja kutoka Januari hadi Novemba, wa mtoto mwenye mwandiko mzuri, na mwalimu akalionyesha kwa fahari. Nimeona pia jinsi zamu zinavyojipanga zenyewe zikiachwa: wavulana hukokotoa, wasichana huchota maji na kufagia.

Kwa hiyo zamu ziandikwe ukutani kwa majina, na zibadilishwe kila kipindi, hata mtoto apitie kazi zote sita. Wanachuo hunijibu kwamba hivyo somo litachelewa, nami sibishi. Siku ya zamu mpya kamba hulegezwa, kipimo husomwa upande usio wenyewe, na anayekokotoa huomba muda. Nimeshuhudia kipindi cha dakika 40 kikiisha kabla upande wa tatu wa bustani haujapimwa. Mwalimu yule aliweka jiwe mahali kamba ilipofikia, na kipindi kilichofuata watoto wakaanzia pale.