Seramu Mbili za Peptaidi: Biharusi Achukue Ipi?

Mabiharusi wanaokuja kwetu kupima magauni wanatuuliza sana kuhusu seramu mbili za The Ordinary. Multi-Peptide + HA haina rangi: ina peptaidi za Matrixyl, za kulainisha mikunjo midogo, na asidi ya hayaluroni inayoshika maji ngozi isikauke. Ile nyengine ni hiyo hiyo, imeongezwa peptaidi za shaba asilimia 1, ndizo zinazoipa ubuluu, na bei inapanda. Hiyo usiichanganye na vitamini C.

Sisi tunasema chukua ya kwanza, pesa iliyobaki nunua losheni ya jua. Anza miezi miwili kabla. Peptaidi huenda polepole. Nikaha ikiwa Ijumaa hii, chupa ikae, singo uliyoizoea inatosha. Anayetafuta weupe, humu haumo.