Kwa Munganga wa Ngozi Yokohama, na Maneno Machache ya Kijapani

Tunawaandikia toka Yokohama, mji wa bandari ulio karibu na Tokyo, ambako sisi wamama wawili wa Bukavu tunaishi na familia zetu. Wengi wenu mmetuuliza namna tunavyotunza watoto katika nchi ambamo Kiswahili hakitusaidii, wala Kifaransa. Juma hili tutawaeleza jambo moja tu: kumpeleka mtoto kwa munganga wa ngozi.

Bukavu tulizoea hewa ya ziwa. Hapa, toka mwezi wa 12 mpaka wa 2, baridi inakuja na hewa kavu sana, na ngozi inapasuka. Mmoja wetu ana kijana wa miaka 4. Alianza kujikuna nyuma ya magoti na ndani ya viwiko. Usiku halali, na mama halali.

Huku, kwa ugonjwa kama huo, watu hawakimbilii hospitali kubwa. Mitaani kuna kliniki ndogo, kila moja na kazi yake. Ya ngozi inaitwa hifuka. Ndilo neno la kwanza la kukariri. Nyingi zinapokea watu bila miadi. Lakini angalia saa kwanza: kliniki nyingi zinafunga mchana kwa saa mbili au tatu, na siku fulani za juma hazifungui tena alasiri.

Kuhusu feza, mtu anayekuja kukaa Japani zaidi ya miezi 3 anapaswa kuwa na bima ya afya. Mtu mzima analipa asilimia 30 ya gharama, mtoto ambaye hajaanza shule asilimia 20, na miji mingi inapunguza tena kwa watoto au inaondoa kabisa. Kwa hiyo feza haikuwa mzigo wetu. Mzigo ulikuwa kuongea.

Ukifika, wanakupa karatasi ya maswali: anaumwa wapi, tangu lini, kuna dawa au chakula kinachomdhuru? Hapa mkoani Kanagawa kuna shirika lililotayarisha karatasi kama hizo katika lugha nyingi, Kijapani na Kifaransa vikiwa pamoja. Tuliitoa kwenye intaneti, tukaijaza nyumbani kwa utulivu, mtoto akiwa amelala. Tukakariri pia maneno matatu: kayui, inawasha, itai, inauma, itsu kara, tangu lini. Mengine tuliachia simu itafsiri, na tuliandika sentensi fupi fupi, kwa sababu simu inapotea njia ukiipa sentensi ndefu.

Wajapani wenyewe wana msemo juu ya hospitali zao: kungoja masaa matatu, kuonwa dakika tatu. Sisi hatukungoja hivyo, lakini dakika zilikuwa chache kweli. Munganga, mama wa makamo, aliinama akaangalia goti la mtoto. Simu ikatuambia: hakuna wekundu mwingi, ni kidogo tu.

Hapo ndipo ilitupasa kusema. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hauonekani mwekundu. Unaonekana kahawia nzito, au kama zambarau, au kijivu. Anayetafuta wekundu peke yake anaweza kuona ugonjwa mdogo mahali ulipo mkubwa. Tulimwonyesha picha za miguu ya mtoto kabla ya baridi, tukaweka kidole chake mahali palipokauka na kuwa pagumu, tukasema tena: kayui, kayui, usiku wote. Alishika, akalinganisha na picha, akanyamaza kidogo. Kisha akaandika upya, na akatuinamishia kichwa.

Dawa ilikuwa pomade yenye kortizoni. Jina hilo lilitutisha, maana sote tunajua mafuta ya kujichubua yanayouzwa kwenye masoko yetu. Mengine yana kortizoni kali ndani, na tumeona ngozi za dada zetu zilivyoharibika. Tuliuliza. Alituchorea. Japani wanapanga pomade hizo katika ngazi 5 za nguvu. Ya uso si ya mguu, na kila moja ina siku zake. Kipimo ni kidole: pomade inayofunika ncha ya kidole cha shahada mpaka kiungo cha kwanza inatosha sehemu ya ngozi kama viganja viwili vya mtu mzima. Kisha mafuta ya kulainisha kila siku, zaidi baada ya kuoga.

Dawa hazitolewi palepale kila mara. Unapewa karatasi, unaipeleka farmasi ndani ya siku 4, ukihesabu na siku ile iliyoandikwa. Farmasi wanaandika kila dawa ndani ya kijitabu unachokibeba kila unapokwenda. Unapotoka wanakuambia odaiji ni, yaani jitunze upone. Baada ya juma moja kijana alianza kulala usiku.

Wamama, msidhani habari hii ni ya Japani peke yake. Mama anayetoka Kabare akisema Mashi, akaingia mbele ya munganga anayeandika Kifaransa, yuko ugenini kama sisi. Akiitikia ndiyo kwa lisilomwelekea, mtoto ndiye atakayeumia. Basi vikundi vyetu visaidiane. Mwenye kusoma amwandikie jirani kabla ya safari: ugonjwa ulianza lini, dawa gani zimetumiwa. Mwenye simu apige picha. Na kila mmoja wetu, akipewa dawa, aulize: kiasi gani, siku ngapi, ya mwili au ya uso?

Munganga anajua ugonjwa. Mama anajua mtoto. Inafaa wote wawili waongee.