Tulikwenda Mwanza Watu Wanne

Wewe unayeishi Buganguzi, au kijiji kingine chochote cha Muleba, nakuuliza swali moja. Mara ya mwisho ulipokwenda mjini, ulikwenda na nani?

Akina baba wengi watajibu: "Nilikwenda peke yangu." Baba huuza kahawa. Hupanda gari, huenda Bukoba au Mwanza, kisha hurudi na kanga ya mama na mkate wa watoto. Mama na watoto hubaki kibanjani. Mji wanausikia kwa masimulizi tu.

Mimi pia nilikuwa baba wa namna hiyo. Lakini mwezi wa Desemba, mwaka 2022, tulikwenda Mwanza watu wanne: mimi, mama watoto, binti yetu aliyekuwa amemaliza darasa la saba, na mdogo wake wa darasa la tatu. Tulikwenda kutembea na kununua vitu vya shule. Sasa nataka kukueleza tulivyosafiri, tuliyoyaona, na fedha zetu tulivyozitumia. Huenda nawe ukapenda kwenda.

Watu wenye fedha nyingi hupanda ndege na familia zao. Huenda Bangkok au Singapore, miji ya joto ya bara la Asia. Hutazama majengo, hununua nguo, hurudi. Si vibaya. Lakini sisi wakulima nasi tuna mji wa kutazama. Uko ng'ambo ya ziwa letu.

FEDHA ZA SAFARI

Safari yetu haikuanza Desemba. Ilianza Julai, tulipouza kahawa. Siku ile niliketi na mama watoto, tukapiga hesabu. Kwanza tulitoa fedha za chakula, za shule na za shamba. Zilizobaki tulitenga shilingi 400,000 za safari.

Tulichukua bahasha nne. Mama watoto alijifunza kusoma na kuandika katika darasa la watu wazima. Yeye ndiye aliyeandika juu ya kila bahasha. Ya kwanza: "Nauli, 150,000." Ya pili: "Chakula na matembezi, 80,000." Ya tatu: "Manunuzi, 110,000." Ya nne: "Akiba, 60,000." Kisha alisema, "Fedha ya bahasha hii haiingii katika bahasha ile." Tukakubaliana.

Mahali pa kulala hatukulipia. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, anaishi Nyakato, Mwanza. Tulimpelekea mkungu wa ndizi na senene, maana ulikuwa msimu wake. Mgeni wa kutoka Kagera hawezi kufika mikono mitupu.

HOFU YA ZIWA

Sasa nikueleze jambo zito. Mama watoto alikuwa hajavuka ziwa kwa miaka 26.

Wengi wenu mnakumbuka, na vijana mmesikia. Tarehe 21 Mei, mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi karibu na Mwanza. Usiku wake ilikuwa imepita Kemondo na kuchukua watu. Meli ile ilitengenezwa kuchukua abiria 430 tu. Siku ile ilikuwa na watu wengi mno. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Nchi nzima iliomboleza kwa siku tatu.

Dada mkubwa wa mama watoto alikuwa katika meli ile. Alipandia Kemondo. Hakuonekana tena. Wewe unajua desturi yetu: mtu wetu akifa, tunamzika kibanjani, kati ya migomba. Dada yule hana kaburi kibanjani.

Tena, tarehe 6 Novemba 2022, mwezi mmoja kabla ya safari yetu, ndege ya abiria ilianguka ziwani pale Bukoba. Watu 19 walikufa. Wengine 24 waliokolewa, na wavuvi walikuwa wa kwanza kufika kuwasaidia. Basi nikamwambia mama watoto, "Twende kwa basi. Tusipite majini."

Alinyamaza. Siku ya pili akasema, "Baba watoto, wewe na watoto mkitaka basi, pandeni basi. Mimi nitapanda meli. Nataka kupita alikopita dada."

Tulipanda meli sote.

USIKU MELINI

Tulipandia Kemondo usiku. Meli yetu ilikuwa MV Victoria, iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya kutengenezwa upya. Iliruhusiwa kuchukua abiria 1,200.

Mama watoto hakuketi. Kwanza alitafuta bango linaloonyesha yalipo maboya ya kujiokolea. Alilisoma lote, polepole, kwa kidole. Kisha alimwita baharia mmoja akamwuliza, "Mwanangu, leo mmechukua watu wangapi? Boya linavaliwaje?" Baharia hakucheka. Alimwonyesha jinsi ya kulivaa na kufunga kamba zake. Naye akawafundisha watoto.

Ndugu msomaji, usione aibu kuuliza. Ukipanda meli, mtumbwi wa injini au kivuko, uliza maboya yako wapi. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Nauli iliyopotea utaitafuta tena. Roho haitafutwi.

Watoto walilala. Asubuhi tulipokaribia Mwanza, mama watoto alitoka nje akasimama anatazama maji. Binti yetu alimfuata, akamshika mkono. Mimi sikuwasemesha.

MJI WA MAWE

Ukifika Mwanza kwa maji, kitu cha kwanza utakachokiona ni mawe. Mawe yako majini, yako vilimani, yako nyuma ya nyumba. Mengine yamekaa juu ya mengine, utafikiri yataanguka sasa hivi. Mtoto wetu mdogo aliuliza, "Baba, nani aliyapanga?"

Hakuna aliyeyapanga. Mawe yale ni matale. Yalifanyika chini sana ardhini, zamani sana, kabla hayajakuwako wanadamu. Mvua na upepo viliondoa udongo wa juu kidogo kidogo. Mawe yakabaki wazi. Ukitaka kuelewa jambo hili, tazama shamba la mlimani lisilo na matuta wala miti. Udongo wake huondoka hivyo hivyo.

Jiwe lenye sifa kuliko yote liko majini, karibu na ufuko wa mjini. Linaitwa Jiwe la Bismarck. Bismarck alikuwa kiongozi wa serikali ya Ujerumani tangu mwaka 1871 mpaka 1890. Wajerumani walipoitawala nchi yetu, jina la mtu wao likabaki juu ya jiwe letu.

Siku ile ile tulipanda mashua tukaenda kisiwa cha Saanane. Jina hilo ni la mzee aliyekuwa akiishi pale zamani. Mwaka 1964 serikali ilianza kuweka wanyama kisiwani. Mwaka 2013 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo sana. Utaizunguka kwa miguu bila kuchoka. Tuliona swala, pundamilia, nyani wadogo na pimbi. Watoto walifurahi mno. Mama watoto naye alicheka kwa mara ya kwanza tangu Kemondo. Pimbi mmoja alikuwa akimtazama kama mtu anayedai deni.

IGOMA NA BUJORA

Siku ya pili tulishika barabara ya Musoma. Ukitoka Nyakato, unafika Igoma. Hapo Igoma ndipo walipozikwa wengi wa waliokufa katika MV Bukoba. Kuna makaburi na mnara wa kumbukumbu.

Sisi hatujui kama dada yetu amelala pale, au alibaki ziwani. Mama watoto alifungua leso yake. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni akifika nyumbani. Aliweka punje chache chini, karibu na mnara. Alisema maneno machache kwa lugha yetu ya nyumbani. Kisha alimwita binti yetu, akamwambia, "Wewe una jina la mama yako mkubwa. Hapa ndipo pa kuja."

Tulikaa kitambo kidogo. Halafu tuliendelea mbele mpaka Kisesa, kwenye makumbusho ya Bujora. Makumbusho hayo yanaeleza maisha ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Utaona ngoma kubwa za watemi, nyumba ya msonge, silaha, na vyombo vya waganga. Utasikia habari za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani.

Binti yetu alitazama zile ngoma kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, na za kwetu ziko wapi?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tukirudi tutamwuliza babu. Je, wewe nyumbani kwako, watoto wamekwisha kuuliza? Na umewajibu nini?

SOKONI

Siku ya tatu ilikuwa ya bahasha ya manunuzi. Kabla ya kutoka nyumbani, mama watoto aliandika orodha: viatu viwili, begi la shule, madaftari, shuka, na nguo moja kwa kila mtu. Mwisho aliandika: dagaa.

Tulianza Mlango Mmoja, penye nguo nyingi za mitumba. Mwuzaji wa kwanza alitaka shilingi 30,000 kwa viatu vya shule. Mimi nilikuwa tayari nashika mfuko. Mama watoto alinivuta shati. Tukatembea. Mahali pa tatu tulipata viatu vya namna ile ile kwa shilingi 18,000.

Haya ndiyo tuliyojifunza sokoni:

Usinunue mahali pa kwanza. Uliza mahali patatu.

Nguo ya mitumba igeuze ndani nje. Tazama mishono, kwapa na zipu.

Usitoe fedha zote mbele ya watu. Toa za kununulia tu.

Hesabu chenji kabla hujaondoka.

Usinunue kisichokuwa katika orodha, hata mwuzaji akikuita "mzee wangu."

Mtoto wetu mdogo alikuwa na kazi yake. Alisoma majina ya nchi yaliyoandikwa kwenye vitu. Chupa ya chai: China. Kitambaa: India. Shati: Thailand. Akasema, "Kumbe Asia imekuja huku yenyewe!" Ni kweli. Vitu vya ng'ambo vinakuja kwetu, na kahawa yetu inakwenda ng'ambo. Ndiyo maana mkulima naye apaswa kujua bei.

Mwisho tulikwenda Mwaloni, Kirumba. Hilo ni soko kubwa la samaki na dagaa. Wanunuzi hutoka mikoa mingi, na hata nchi za jirani. Mama watoto alichota dagaa kiganjani, akanusa, akatafuta mchanga. Alinunua baada ya kuona mizani imesimama sawa.

KURUDI NYUMBANI

Tulirudi kwa basi. Tulifika Kigongo, na basi likapanga foleni ya kivuko kwenda Busisi. Kulikuwa na nguzo kubwa zimesimama majini. Mafundi walikuwa wakijenga daraja. Sasa kazi hiyo imekwisha. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Leo ukipita huko huna haja ya kungoja kivuko. Baada ya Busisi utapita Sengerema, Geita na Chato mpaka Muleba.

Tulipofika nyumbani tulimwaga bahasha zote mezani. Tatu zilikuwa tupu, au zilikuwa na chenji kidogo. Ya akiba haikuwa imefunguliwa. Tuliifungua Januari, kumnunulia binti yetu sweta na vitu vingine alipoingia kidato cha kwanza.

Sasa utauliza: je, fedha zile hazikupotea bure? Tungeweza kununua mabati. Kweli, tungeweza. Jirani yangu mmoja aliniambia hivyo hivyo. Nami sikubishana naye, maana mabati ni kitu kizuri.

Lakini nikueleze ninachokiona. Zamani nilipotoka mjini, niliongea peke yangu na wengine walisikiliza. Siku hizi tukizungumza habari za bei, za meli au za shule, watu wanne wanazungumza. Binti yetu anajua mahali pa kuja kumkumbuka mama yake mkubwa. Mama watoto haogopi tena kulitaja ziwa. Mwezi wa Mei, tarehe 21 ikifika, huweka punje za kahawa kwenye sahani mlangoni, na jirani wakiuliza, huwaeleza.

Basi, ndugu msomaji, ukiuza kahawa msimu huu, zungumza na watu wa nyumbani kwako. Kama fedha za Mwanza hazipatikani, anzeni na Bukoba. Kama za Bukoba hazipatikani, nendeni Kemondo mkalitazame ziwa. Uliza kwanza siku za meli na nauli zake. Andikeni bahasha.

Lakini usiende peke yako.