Siku Moja Baina ya Unguja Ukuu na Kizimkazi

Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Qur'ani Tukufu, wala si mara moja, tutembee katika ardhi tukatazame ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu twaisoma amri hii tukadhani kuwa inawahusu wenye nauli ya kwenda Misri au Sham. Kumbe mtu wa Unguja aweza kuitimiza kwa siku moja, akatoka kwake baada ya alfajiri na akarudi kabla ya Isha. Ndivyo tulivyofanya sisi na sahibu yetu mmoja.

Sahibu huyu tulikaa naye mkeka mmoja chuoni, hapa Mlandege, tulipokuwa watoto. Leo yeye ni katibu wa kamati ya msikiti wa kijijini kwao. Msikiti huo ni mdogo, wa mawe na chokaa, na mihrabu yake ni ya jiwe la matumbawe, iliyochongwa na mafundi ambao majina yao hayakumbukwi tena. Siku ya Ijumaa watu huenea mpaka nje, wakaswali juani. Basi vijana wa kijiji walioko Maskati na Uingereza wamechanga fedha, na kamati ilikwisha kukubaliana kuubomoa wote mpaka msingi, ujengwe mwingine mkubwa wa saruji na marumaru.

Tulimwuliza, "Na mihrabu je?"

Akajibu, "Sheikh wangu, msikiti ni waumini, si mawe. Mwenyezi Mungu hatatuuliza khabari ya mawe."

Hatukuwa na jawabu ya kumpa, maana neno lake lina haki ndani yake. Tulimwambia tu, "Kabla hujawaita mafundi, tupe siku moja." Akakubali.

Tulikutana baada ya Swala ya Alfajiri, tukanywa chai kwa mkate wa mofa, tukapanda gari la abiria. Gari lilishika njia ya kusini, likapita Tunguu, na jua lilikuwa halijawa kali tuliposhuka Unguja Ukuu.

Anayelisikia jina hili hutazamia kuona mji mkubwa. Sisi hatukuona ngome wala jumba la kifalme. Tuliona pwani tulivu, minazi, mashamba ya mihogo, na watu wema waliotukaribisha. Lakini mtu akiinama akatazama chini, huona vigae. Vingine ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa kisiwani, na vingine vimepakwa rangi ya buluu na kijani inayong'aa kama kioo, navyo vilikuja kwa majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi. Wataalamu waliochimba mahali hapa wamethibitisha kuwa palikuwa na bandari kubwa tangu kiasi cha karne ya 7 mpaka karne ya 10 Miladi, na katika udongo wake wamekuta vitu vya Uajemi, vya Bara Hindi na hata vya China.

Sahibu yetu aliokota kigae kimoja cha buluu, akataka kukitia mfukoni awapelekee watoto. Tulimwomba akirudishe pale pale alipokitoa. Kigae kilichomo mahali pake humwambia mtaalamu zama zake na majirani zake. Kikishaondolewa huwa kama ukurasa uliochanwa kitabuni, hakina tena la kusema. Akakirudisha, akasimama kimya. Kisha akasema, "Mji uliofanya biashara na China, na leo hatumjui hata mtu mmoja wake kwa jina?" Tukamwambia, "Twende Kizimkazi."

Tulirudi barabarani tukangoja gari jingine. Likatupitisha kando ya msitu wa Jozani, likatufikisha Kizimkazi Dimbani kabla ya adhuhuri. Msikiti wa Dimbani kwa nje hauna fahari, na mgeni aweza kuupita asijue amepita wapi. Tulimkuta mzee mmoja barazani, tukamwamkia, akaitikia na kutuonyesha mahali pa kutawadha. Tukavua viatu, tukaingia.

Mbele yetu ilikuwa mihrabu ya matumbawe, na ukutani maandishi yaliyochongwa kwa ustadi wa ajabu. Matumbawe hukatwa baharini yangali laini, yakachongwa, kisha yakakauka na kuwa magumu; ndiyo maana mkono wa fundi huonekana mpaka leo. Sisi wawili tuliohitimu Qur'ani chuoni tulisogea tuyasome, tena kwa majivuno kidogo. Hatukuweza. Khati ile ni ya Kikufi. Herufi zake zimesimama wima, ncha zake zimechipua kama majani, wala hazina nukta. Mzee alitabasamu akasema, "Msione haya, wanangu. Wengi hushindwa."

Maana yake imekwisha kujulikana. Mwanachuoni wa Ulaya, S. Flury, alichapisha usomaji wa maandishi haya mwaka 1922. Humo imetajwa kuwa ujenzi uliamrishwa na Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijria, yaani mwaka 1107 Miladi. Na tupime miaka hii, ewe msomaji. Mwaka huo Imamu al-Ghazali alikuwa yu hai, maana alifariki mwaka 505 Hijria. Salahuddin, aliyeukomboa mji wa Baitul Maqdis mwaka 583, alikuwa hajazaliwa. Na Seyyid Said bin Sultan hakuhamishia makao yake Unguja ila baada ya miaka zaidi ya 700. Kwa hiyo yule asemaye kuwa Uislamu uliletwa kisiwani humu na dola ya karne ya 19, na aje asimame hapa.

Sahibu yetu akasema, "Alhamdulillahi, hawa jina lao limebaki." Kisha akazitazama kuta, akamwuliza mzee, "Lakini babu, kuta hizi zote ni za zama hizo?"

Mzee akajibu, "La, mwanangu. Nyingi ni za baadae. Msikiti huu ulijengwa tena."

Na hivyo ndivyo. Yako maandishi mengine yanayotaja ujenzi wa mwaka 1184 Hijria, kiasi cha mwaka 1770 Miladi. Watu wa karne hiyo waliukuta msikiti wa kale, nao wakataka msikiti wa kuswalia. Walizijenga upya kuta, lakini maandishi ya waliowatangulia hawakuyatupa, na tarehe yao wakaiandika kando ya ile ya kwanza. Mzee alisema kwa ufupi, "Walijua wamekuta nini."

Tuliona neno hilo limemwingia sahibu yetu, maana hakujibu kitu.

Adhana ikapigwa. Wavuvi wakaja, na wanafunzi, na wazee wawili wenye fimbo. Tuliswali Adhuhuri nyuma ya imamu aliyesimama kuelekea kibla kile kile. Baada ya swala tulimwona sahibu yetu akihesabu hatua, kutoka mihrabuni mpaka mlangoni, kisha toka ukuta mpaka ukuta. Hatukumwuliza anapima nini.

Mzee alitukirimu wali kwa samaki, Mungu amlipe kheri, na alasiri tukashika njia ya kurudi. Garini tulimsimulia khabari za Shanga, katika kisiwa cha Pate. Huko wachimbuzi walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, na ya mwanzo ni ya karne ya 8 Miladi. Kila kizazi kilijenga kwa uwezo wake, lakini pale pale. Kwa hiyo kujenga upya si dhambi, bali ni desturi ya wazee wetu. Dhambi yetu sisi huenda ikawa ni kujenga kana kwamba hakuna aliyeswali kabla yetu.

Sahibu yetu alinyamaza mpaka gari likakaribia mjini. Ndipo aliposema, "Safu huongezwa nyuma, sivyo? Imamu hahamishwi."

Tulifika Mlandege magharibi inaadhiniwa.

Baada ya wiki tatu alitujia nyumbani. Kamati ilibishana sana, na wako waliomwambia kuwa sasa anaabudu mawe. Aliwajibu kuwa mawe hayaabudiwi wala hayaombwi, bali hutunzwa, kama mtu atunzavyo msahafu wa marehemu babu yake ingawa ana mwingine mpya. Mwishowe walikubaliana: ukuta wa kibla na mihrabu vibaki, na nafasi iongezwe nyuma na ubavuni. Fundi mmoja mzee aliwaonya pia wasiupake ukuta wa kale saruji, kwani saruji huifungia unyevu ndani na chokaa ikaoza. Chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Wako ambao hawajaridhika, lakini nyundo imezuiliwa.

Ndugu msomaji, huenda na kijijini kwenu upo msikiti kama huo. Kabla ya kubomoa, waulizeni wazee majina ya waliojenga, mkayaandike. Pigeni picha kila pembe. Na waiteni wajuzi wa mambo ya kale wautazame. Kisha jengeni, na Mwenyezi Mungu awabariki. Na nyinyi vijana, nendeni Kizimkazi siku ya mapumziko, mkaswali pale rakaa zenu. Waombeeni dua waliojenga mwaka 500 na waliojenga mwaka 1184, ili nasi tutakapoondoka tupate wa kutuombea. Amin.